Kuongoza kundi linalochora ukuta mmoja

Ninaongoza vikundi vinavyochora picha za ukutani, na jambo ninalolilinda kuliko yote ni kwamba uamuzi ubaki kwa watu watakaoishi na picha hiyo. Ustadi wa mkono unaweza kuuazima kwa msanii. Uamuzi huwezi.

Malizana kwanza na mwenye jengo. Ruhusa iwe ya maandishi, itaje pia nani ana haki ya kuifuta picha na baada ya muda gani. Kisha waeleze washiriki mapema yale yaliyokwisha kuamuliwa: ukubwa wa ukuta, fedha zilizopo, siku ya kumaliza. Watu huvumilia mipaka. Kinachowaudhi ni kuombwa maoni juu ya jambo lililokwisha kupitishwa.

Kikao cha kwanza usilete brashi. Ukiwauliza watu 30 kwa pamoja, "Tuchore nini?", watajibu wale wale waliozoea kusema, na waliobaki wataitikia. Mimi huwaketisha wawili wawili. Kila mmoja anazungumza dakika 2, mwenzake anasikiliza tu, halafu mbele ya wote kila mtu anasimulia alichokisikia kwa mwenzake. Mkimya anapata msemaji, na mwenye maneno mengi anabeba hoja isiyo yake. Yaandike maneno kama yalivyotamkwa. Mtu akisema "kisima tulichokuwa tukichota", usimwandikie "mazingira". Kisima kinachoreka.

Kazi kubwa igawe. Judy Baca, mchoraji wa Marekani, alianza kuchora ukuta mrefu wa historia huko Los Angeles mwaka 1976; kwa miaka yote ya kazi hiyo vijana zaidi ya 400 walishiriki, na kazi ilikwenda sehemu kwa sehemu, kiangazi kwa kiangazi. Kwa ukuta wa kawaida gawa mchoro wa karatasi na ukuta wenyewe kwa miraba: sentimita 5 kwenye karatasi iwe sentimita 50 ukutani. Vuta uzi uliopakwa chaki toka ukingo mmoja wa ukuta hadi wa pili, uubane pande zote mbili, uufyatue. Mstari unabaki umenyooka. Hapo hata asiyewahi kushika brashi ana mraba wake, na anaona mwisho wake.

Sehemu ngumu ni fundi wa kundi, yule anayepita jioni "kurekebisha" kazi za wengine. Kubalianeni siku ya kwanza kwamba hakuna anayegusa mraba wa mwenzake bila kumwomba. Akiteleza, mwite pembeni, usimwaibishe, umpe kazi inayohitaji jicho lake: kuchanganya rangi, ili bluu ya leo ilingane na ya jana. Sheria hiyo inakuhusu wewe kwanza. Mtu akikwama, usimpokonye brashi. Muulize, "Ungependa ndege huyu aelekee wapi?", kisha nyamaza mpaka ajibu. Kimya hicho huwa kirefu kuliko unavyopenda, kiache.

Mwishoni kila mshiriki aandike mwenyewe jina lake ukutani, herufi za ukubwa mmoja kwa wote. Rangi zilizobaki zifungwe vizuri, ziandikwe zilitumika wapi, na akabidhiwe mtu wa karibu atakayeziba nyufa na mikwaruzo.