Somo: Kumsindikiza ndugu mwenye ulemavu wa akili hadi apate kazi na aimudu

Nimeulizwa jambo hili faraghani mara nyingi, nikaona nilijibu mara moja kwa wote.

Mdogo wangu ana Down sindromu, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa akili. Ana miaka 31, na mwaka huu anatimiza wa 6 akikunja mataulo kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Kabla ya hapo alikaa miaka 4 kwenye kituo cha "kumwandaa kwa ajira". Kazi yake ilikuwa kupachika vibanio vya nguo kwenye kadi, kumi kumi. Siku moja niliwahi kumfuata, nikamkuta mama wa zamu anavichomoa vyote na kuvirudisha ndooni ili kesho vipachikwe upya. Mdogo wangu alikuwa amesimama pale pale, anatazama. Toka siku hiyo neno "maandalizi" silipendi.

Njia nitakayoeleza inaenda kinyume na ile. Mtu anaingia kazini kwanza, anafundishwa hapo hapo kazini, na anayemfundisha anajiondoa kidogo kidogo. Wataalamu wanaiita ajira yenye msaada. Mimi naita kusindikiza, kwa sababu anayesindikiza hafiki na mgeni hadi kitandani kwake. Anafika mahali anaaga, anageuza.

Ninaposema ulemavu hapa nina maana ya ule unaoanza utotoni: ulemavu wa akili, usonji, Down sindromu, mtindio wa ubongo na mengine ya jamii hiyo. Msiyachanganye. Mwenye mtindio wa ubongo anaweza kuwa na akili inayokupita wewe, ila mikono na ulimi ndivyo havimtii.

HATUA YA 1: Mjue upya

Unadhani unamjua kwa sababu mmelala nyumba moja. Chukua daftari, wiki mbili, uandike unachokiona tu: saa ngapi anachangamka, kelele zinamfanyaje, anaweza kusimama muda gani, kitu gani anakifanya bila kutumwa. Waulize na watu wa nje ya familia, kwa sababu sisi wa ndani tunaona mtoto hata mtu akifika miaka 40.

Usimuulize "unapenda kazi gani?" mtu ambaye hajawahi kuonja kazi hata moja. Atakujibu utakachofurahi kusikia. Mpeleke akae saa mbili tatu mahali patatu tofauti, umwangalie uso.

Sisi tulidhani mpira ndio roho yake, tukahangaika kumtafutia kazi uwanjani. Kumbe roho yake ni vitu kunyooka. Toka mdogo alikuwa anapanga viatu vyetu mlangoni, visigino vikiwa kwenye mstari mmoja, na sisi tunamgombeza kwamba anatuchelewesha.

Halafu kusanya watu watano au sita wanaompenda, wasiwe ndugu wote. Usiwaombe kazi, maana watasema hawana. Waulize wanamjua nani anayefanya kazi mahali pa aina ile mliyoiona daftarini.

HATUA YA 2: Tafuta kazi iliyokwama

Nafasi iliyotangazwa ina orodha ya sifa kumi, na ndugu yako ana tatu. Achana nayo. Tafuta kazi ambayo pale mahali kila mtu anaikimbia au inamchelewesha mwenye ujuzi mkubwa.

Mwaka 1996, kwenye hospitali ya watoto ya Cincinnati, Marekani, muuguzi Erin Riehle aliyekuwa akisimamia idara ya dharura alikuwa na shida moja: watu wa kujaza vifaa kwenye rafu walikuwa hawadumu. Akajiuliza kwa nini kazi hiyo isifanywe na vijana wenye ulemavu wa ukuaji, wakifundishwa vizuri. Ndipo ulipozaliwa mpango wa Project SEARCH, ambao sasa uko nchi kadhaa: kijana anazunguka idara mbalimbali ndani ya taasisi moja kwa mwaka wa masomo, anajifunza kazi halisi. Angalia mlango alioingilia. Aliingia na tatizo la idara yake, na rafu zikajaa.

Kwa hiyo ukienda kwa mwajiri usianze na historia ya kuzaliwa kwake wala usitie sauti ya msiba. Omba kwanza kuona kazi inavyokwenda. Kisha sema: "Nimeona dobi wako anaacha mashine mara kwa mara aje akunje. Nina mtu anayeweza kukunja tu, saa nne kwa siku, na mimi nitakuwepo kumfundisha hadi uridhike." Hoteli ya tatu ndiyo ilikubali. Ya kwanza walinipa hela ya sadaka. Niliirudisha.

HATUA YA 3: Ifanye wewe

Zamu nzima, kwa mikono yako, kabla hajafika. Utajua choo kiko wapi, nani mkali, na nini kinaumiza mgongo. Safari ya kwenda na kurudi nayo ni sehemu ya kazi. Ifanyieni mazoezi siku zisizo na haraka.

HATUA YA 4: Ivunje vipande

Hapa ndipo penye somo lenyewe.

Miaka ya 1970, Mmarekani mmoja aitwaye Marc Gold aliwafundisha watu wenye ulemavu mkubwa wa akili, ambao taasisi zilishawakatia tamaa, kuunganisha breki ya baiskeli yenye vipande 15. Hakuwahutubia. Alivipanga vipande kwa mfuatano, akatumia ishara za mkono na ukimya mwingi. Msimamo wake ulikuwa kwamba mtu asipojifunza, kinachobadilishwa ni namna ya kufundisha.

Taulo langu lilikuwa na vipande 12. Chukua moja kapu la kushoto. Litandaze mezani. Tafuta lebo. Geuza lebo ije kifuani. Shika kona mbili za mbali. Zilete zikutane na za karibu. Pitisha kiganja. Shika kona za kulia. Zipeleke kushoto. Pitisha kiganja. Kunja kwa nusu. Weka kwenye rundo, mkunjo uangalie mlango.

Siku tatu tulikwama kipande cha tatu. Anageuza, anageuza, anaacha. Nikaanza kusikia sauti ya wale wa kituo kichwani: "hayuko tayari." Siku ya nne nikalichukua taulo lenyewe nikalikagua, kumbe mataulo ya zamani hayana lebo, zimeshang'oka kwa kufuliwa. Alikuwa anatafuta kitu ambacho hakipo, kwa utiifu, mara arobaini kwa siku. Tukabadilisha: badala ya lebo, upande wenye mstari wa kufumwa. Mchana ule ule akapita.

Kuhusu msaada, uwe na ngazi. Kwanza subiri, hesabu hadi tano kimoyomoyo, kwa sababu wengi wao wanahitaji muda kuchakata jambo, na wewe ukirudia agizo unamrudisha mwanzo. Akiwa bado, onyesha kwa kidole. Bado, fanya wewe aone. Mwisho kabisa ndiyo mkono juu ya mkono, tena kwa idhini yake. Maneno yawe machache kuliko unavyodhani.

Ujanja mwingine: anzia mwisho. Wewe fanya vipande 11, yeye aweke kwenye rundo. Kesho yeye afanye viwili vya mwisho. Kila mara yeye ndiye anayemaliza, na anayemaliza ana hamu ya kuanza tena. Weka alama kwenye karatasi kila kipande anachopita peke yake, ili maamuzi yako yasitokane na hisia za siku hiyo. Kasi iache hadi usahihi ukae. Na tafadhali usipige makofi kwa kila taulo. Wenzake hawapigiwi.

HATUA YA 5: Ondoka

Ngumu kuliko zote, na hapa nilikosea. Nilikaa begani kwake miezi mitano. Ikawa msimamizi akiingia ananiuliza mimi: "Leo ameamkaje?" Na mwenyewe amesimama hapo, ana masikio mawili. Chai ikija, kikombe chake napewa mimi nimpe. Sikuwa daraja tena, nilikuwa ukuta.

Jipange mapema: wiki hizi pembeni yake, kisha nyuma ya bega, kisha mlangoni, kisha chumba kingine, kisha simu. Mtu akikuuliza habari zake, mjibu "muulize mwenyewe", ukae kimya hata kama kimya kinauma.

Nilipokuwa tayari nimeshahamia ukumbini, yakaletwa mataulo madogo mapya. Akayakunja kwa kipimo cha makubwa, rundo zima likawa vifundo. Nikainuka kwenda kuokoa jahazi, nikajizuia. Dobi wa mashine, mzee asiyejua lolote la mafunzo haya, akachukua utepe mwekundu akabandika mezani mistari miwili: dogo liishie hapa. Basi. Mimi ningeandaa somo la siku tatu. Msaada wa aina hiyo, unaotoka kwa aliyeko pale kila siku, ndio unaobaki.

HATUA YA 6: Karatasi

Mkataba kama wa wenzake: saa, mshahara, likizo, nani wa kumlalamikia. Mweleze kwa picha akiwa hasomi. Mshahara upite mkononi au kwenye akaunti yake, hata kama atahitaji msaada kuupangia.

MASWALI YA WANACHAMA

Mzazi wa Pacha: Mwanangu ana usonji, haongei kabisa. Kwenye usaili atajibu nini?

Mzazi mwenzangu, omba usaili ubadilishwe uwe majaribio ya kazi ya siku mbili tatu. Usaili unapima ufasaha wa kujieleza, na kazi ya kupanga mafaili haina maelezo. Peleka pia video fupi akifanya kazi. Kama anatumia picha au kishikwambi kuwasiliana, kiwe naye muda wote, na wenzake wawili wafundishwe kukisoma kabla hajaanza.

Fundi Cherehani: Mkuu, mwajiri anasema atamlipa nusu kwa sababu ni mzito. Si afadhali kuliko kukaa bure?

Hapana, mkuu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, ibara ya 27, unadai malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Mwaka 2022 kamati inayousimamia ilifafanua kwamba karakana za kuwatenga, yaani za wenye ulemavu peke yao mbali na wafanyakazi wengine, hazihesabiki kuwa utekelezaji wa haki ya kazi. Najua Marekani sheria ya kazi ya 1938 iliruhusu kuwalipa wenye ulemavu chini ya kima cha chini cha mshahara kwa kibali maalumu, na ndiyo maana mabishano huko hayajaisha. Wewe jadili saa au majukumu, si bei ya saa. Na kabla hujakubali kwamba ni mzito, mpimeni yeye na mwenzake siku moja, kazi moja. Mara nyingi mwenzake anasifiwa kasi aliyokuwa nayo asubuhi tu.

Mama wa Kijana: Naogopa watamcheka, watamwibia, au mabaya zaidi. Nyumbani angalau namwona.

Mama yangu, hofu yako ina msingi, sitaipuuza. Mwaka 1972 mwandishi Mmarekani Robert Perske aliandika kuhusu heshima ya kuruhusiwa kuthubutu: kumkinga mtu na kila hatari ni kumnyima utu kwa njia nyingine. Lakini kuthubutu si kumtupa. Afundishwe majina halisi ya viungo vyake vya mwili na kusema "sitaki". Awe na watu wawili wa kuwaeleza, mmoja kazini na mmoja nje. Wewe angalia mabadiliko: usingizi, hamu ya kula, kugoma kwenda, hela kupungua bila maelezo. Asiyeweza kueleza kwa maneno anaeleza kwa hayo. Na nyumbani nako mtu anaweza kudhulumiwa, tena na anayemjua.

Mgeni wa Jana: Wangu alifukuzwa wiki ya pili kwa kukumbatia wateja. Nifanyeje?

Pole. Hiyo ni sehemu ya kazi ambayo haikuvunjwa vipande. "Uwe na adabu" haimwambii kitu. Mfundishe kanuni inayoonekana: mteja ni mkono tu; mwenzako ni mkono au kugusanisha ngumi kwa salamu; mama nyumbani ni kumbatio. Mfanyie maigizo na watu asiowazoea. Na nyumbani wageni waache kumkumbatia kama mtoto, la sivyo mnabomoa jioni alichojenga asubuhi.

Dada Mkubwa: Anapata ruzuku ya ulemavu. Akiajiriwa si itakatwa?

Inategemea sheria za mahali ulipo. Omba hesabu kwa maandishi kutoka ofisi inayolipa kabla hajasaini mkataba. Usikubali jibu la mdomo.

Fundi Cherehani: Swali dogo tu mkuu. Je, atakunja mataulo hadi astaafu?

Mwaka jana aliomba mwenyewe ahamie kwenye mashuka. Shuka linataka watu wawili, kwa hiyo anakunja na yule yule mzee wa utepe, na mzee ndiye aliyemvunjia kazi. Nasikia vipande ni 17. Sijaviona.