Ukitaka kutoka, toa karatasi zako kwanza

Nilijiandaa miezi minne kabla ya kutoka kwenye jumuiya ya kidini niliyokulia, nje kidogo ya Arusha, na bado siku ya kuondoka miguu ilitetemeka. Nawaandikia ninyi mnaoishi kule ambako mzee anajua mshahara wako, nani uolewe naye na jana uliongea na nani. Simwambii mtu aache kumwamini Mungu. Mimi mwenyewe nasali. Lakini Ibara ya 19 ya Katiba yetu ya 1977 inampa kila mtu uhuru wa kuamini, na wa kubadili imani yake pia.

Hatua ya 1: karatasi. Kwetu vyeti vya kuzaliwa vya watu wote vilikaa kwenye kabati la chuma ofisini kwa mzee. Cha mwanangu nilikiomba kwa sababu ya kweli, shule ilikihitaji, na sikukirudisha. Changu sikukipata, nikaomba nakala RITA, ofisi ya serikali inayotoa vyeti hivyo. Nilivitia kwenye mfuko wa plastiki, nikavifukia chini kabisa ya ndoo ya unga. Kila nilipochota unga wa ugali, vidole vilishuka hadi viguse ile plastiki.

Hatua ya 2: simu. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Laini iliyo kwa jina la mume au mzee si yako. Ukitoka anaweza kuifunga na akiba yako ikabaki humo. Sajili yako kwa alama zako za vidole. Mimi niliweka pesa ya kusuka nywele za wanafunzi, elfu tatu tatu kila Jumamosi.

Hatua ya 3: chumba. Usikimbilie kwa ndugu aliye ndani, hata kama anakupenda. Atabanwa kwenye maombi na atasema. Panga mbali, kisha ujitambulishe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Wakija kukugongea usiku, awe anakujua.

Hatua ya 4: kuaga. Barua ya mistari mitatu inatosha. Ukiitwa kikao, usiende. Mimi nilikwenda. Wazee saba walinizunguka kuanzia saa mbili usiku hadi alfajiri, wakikemea na kuniombea, na nusura nitie saini karatasi nisiyoisoma.

MASWALI YENU

Dada, mume wangu amebaki. Anasema nikitoka watoto ni wa kanisa.

Mtoto si wa kanisa, mama. Sheria ya Ndoa ya 1971 inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 anafaa kukaa na mama yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo mahakamani. Nenda ustawi wa jamii pale halmashauri kabla hujatoka. Kama kuna kipigo, nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Kwa jambo la mtoto, piga 116.

Niliambiwa laana itanifuata. Nimetoka Januari, mwezi wa tatu nikaugua.

Pole sana, mdogo wangu. Mwaka wangu wa kwanza kila homa niliiona laana. Nenda hospitali ukapime. Hata kule ndani tuliugua malaria na taifodi, ila tuliambiwa ni majaribu.

Niko Moshi, nimetengwa na wote. Nikifa nani atanizika?

Hili ndilo lililonizuia miaka mingi, kuliko mzee, kuliko laana. Jiunge mapema na kikundi cha kufa na kuzikana hapo mtaani. Lipa ada, lakini zaidi nenda kwenye misiba ya wenzako, uteke maji, umenye ndizi. Kama kwenu mna kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, zungumza na baba mdogo au mjomba asiye wa jumuiya, maana kuzikwa kihambani ni jambo la ukoo. Baba yangu alipofariki nilikaa mwisho wa turubai, na wapendwa, waumini wa jumuiya niliokua nao, hawakunipa mkono. Mchana wakaingia akina mama wa kikundi chetu cha kuzikana cha mtaa wa Sakina, kumi na mmoja, na masufuria yao kichwani, wakauliza jiko liko wapi.