Namna ya kutafiti nafasi ya mzazi katika elimu ya afya ya uzazi kwa vijana: hatua kwa hatua kutoka uwandani

Mara ya kwanza kufanya kazi hii, katika kijiji kimoja cha pwani ya Lindi, dodoso langu lilikuwa na swali hili: "Je, huwa unazungumza na mtoto wako kuhusu afya ya uzazi?" Mama wa kwanza akajibu hapana. Wa pili, hapana. Wa sita akaniangalia kwa mshangao: "Mwanangu, huyu ana miaka kumi na mitatu. Uzazi wa mpango wa nini?"

Kumbe akina mama wale wakisikia "afya ya uzazi" walikuwa wanaona kliniki, sindano na vidonge. Mama yule yule, nilipofunga daftari na yeye akaendelea kumenya mihogo yake, akanisimulia kwamba binti yake alipovunja ungo alimpeleka kwa bibi yake, akakaa ndani wiki nzima, "akafundwa kila kitu". Kwenye fomu yangu alikuwa mzazi asiyeshiriki. Nilirudi nyumbani na madodoso zaidi ya mia moja ya namna hiyo, na hayakufaa kitu.

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa uzamili, muuguzi au ofisa wa shirika anayejiandaa kwenda kutafiti jambo hili. Ninaandika kwa hali ya Tanzania, kwani ndiko ninakofanyia kazi.

Hatua ya 1: Pata swali lisilojibika kwa ndiyo au hapana

Maandiko mengi ya utafiti ninayoombwa kuyapitia huanza na takwimu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata mimba. Ule wa 2015-16 ulikuta asilimia 27. Takwimu ni sahihi. Kosa huja kwenye sentensi inayofuata: "Hali hii inatokana na wazazi kutozungumza na watoto wao." Hilo ndilo unalokwenda kulitafuta, sasa mbona umeshalijibu ukurasa wa kwanza?

Swali ninalolitumia mimi ni hili: nani humwambia kijana nini, lini, kwa maneno gani, na kijana hubaki na nini kichwani?

Kabla ya kuandika chochote, soma waliotangulia. Joyce Wamoyi na wenzake walichapisha mwaka 2010 utafiti uliofanyika vijijini Tanzania: wiki 8 za kukaa na watu, vikundi 17 vya majadiliano na mahojiano ya kina 46. Walikuta wazazi wanasema, ila kwa maonyo na vitisho, na mara nyingi husema pale wanapoona jambo baya limempata mtu mwingine. Soma pia habari za mradi wa MEMA kwa Vijana ulioanza Mwanza mwishoni mwa miaka ya 1990. Ulifundisha mashuleni, uelewa wa vijana ukapanda, lakini maambukizi ya VVU na magonjwa mengine ya zinaa hayakupungua kama ilivyotarajiwa. Kwangu mimi, matokeo hayo ndiyo sababu kubwa ya kuangalia kinachosemwa nyumbani.

Hatua ya 2: Amua mzazi ni nani

Usimwandike "mzazi" kabla hujajua mtoto analala wapi. Huku kwetu mtoto anaweza kulala kwa bibi, akala kwa mama mdogo, na baba yake akawa Dar es Salaam akituma pesa ya daftari. Ukimhoji mama mzazi peke yake umehoji mtu anayemwona mtoto Idi kwa Idi.

Ninaanza na kijana mwenyewe. Namuuliza: "Mwili wako ukikusumbua, wa kwanza kumwambia ni nani?" Anayetajwa ndiye ninayemtafuta, awe shangazi, dada mkubwa au somo yake. Mama na baba nawahoji pia, lakini yule aliyetajwa simwachi.

Kuhusu umri, Shirika la Afya Duniani huhesabu balehe kuwa miaka 10 hadi 19. Mimi hugawa 10 hadi 14 na 15 hadi 17 kwa sababu maneno wanayoambiwa hayafanani hata kidogo.

Hatua ya 3: Vibali na ridhaa

Kibali cha maadili huanzia kamati ya chuo chako au NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Zanzibar wana taasisi yao. Kisha barua hushuka ngazi kwa ngazi: Katibu Tawala wa Mkoa, wa Wilaya, Mkurugenzi wa Halmashauri, Mtendaji wa Kata, Mtendaji wa Kijiji. Beba nakala nyingi zenye mhuri. Ukishafika kijijini, usiishie ofisini. Nenda kwa imamu au mchungaji na kwa nyakanga, msimamizi wa unyago, uwaeleze kabla uvumi haujakutangulia. Neno "wamekuja kufundisha watoto kondomu" husambaa haraka kuliko pikipiki yako.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, kwa hiyo unahitaji ridhaa mbili, ya mlezi na ya mtoto mwenyewe. Anza na mlezi, lakini mtoto akikataa, umeishia hapo hata kama mama anamsukuma, "Nenda kajibu maswali ya mgeni!" Aliyeolewa au aliyezaa akiwa na miaka 16, ulizia kwenye kamati mapema nani wa kumtolea ridhaa, na uandike jibu lao kwenye andiko.

Kwenye fomu ya ridhaa iwepo sentensi moja ambayo mlezi ataisoma, au asomewe, mara mbili: "Sitakuambia mtoto wako alichosema." Bila hiyo, mahojiano yakiisha mama atakusindikiza hadi barabarani akiuliza, "Hebu niambie, kasemaje?"

Hatua ya 4: Okota maneno kabla ya kuandika dodoso

Ukiwa na muda mchache katika utafiti wako, punguza kwingine kote, lakini si hapa.

Tenga wiki mbili za kusikiliza tu. Kaa na akina mama wanapochambua dagaa, kaa kijiweni na wavulana, kaa kisimani. Daftari lako liwe na safu mbili: neno la mradi upande wa kushoto, na neno la watu upande wa kulia. Haya ni machache kutoka daftari langu.

"Afya ya uzazi" wao husikia uzazi wa mpango. "Elimu ya jinsia" wengi walidhani ni haki za wanawake. "Ushiriki wa mzazi" maana yake ni michango ya shule na kuhudhuria mkutano. Baba mmoja alinionyesha risiti ya dawati. "Kuzungumza na mtoto" nalo ni tatizo. Bibi mmoja alinisahihisha kwa upole: "Mjukuu wangu, na mtoto hatuzungumzi. Mtoto tunamkanya." Kuzungumza ni kwa wanaolingana. Mtoto huonywa, hukanywa, hufundwa, huusiwa. Dodoso lenye neno "kuzungumza" litamkosa mzazi aliyefanya yote manne.

Kisha kuna maneno ya kuzunguka: "umeshakuwa mtu mzima", "jitunze", "usicheze na wavulana", "usije ukaniletea mzigo", "mambo ya kikubwa". Yaandike yalivyo. Hizo ndizo sentensi ambazo mtoto anaambiwa kweli.

Ukishakuwa nayo, andika maswali kwa kila mada peke yake: hedhi na kubalehe, mimba, VVU, kondomu, namna ya kumkataa mtu anayekulazimisha. Kila moja lipe kipindi maalumu: "Katika miezi 6 iliyopita, kuna mtu yeyote nyumbani aliyekukanya au kukueleza jambo kuhusu...?" Kisha: nani, ilitokea nini siku hiyo, alisema maneno gani, wewe ulielewaje. Hilo la mwisho usilikate hata dodoso likirefuka. Msichana wa miaka 12 aliyeambiwa "usicheze na wavulana" alinieleza kwamba aliacha rede, akidhani mimba hutoka kwenye kugusana mchezoni.

Jaribu dodoso kwa watu kama 20 katika kijiji ambacho hutakifanyia utafiti. Swali likirudiwa mara mbili na anayeulizwa bado anakunja uso, livunje uliandike upya.

Hatua ya 5: Idadi, na saa ya kumkuta baba

Kama unataka takwimu, kanuni ya kawaida ya makadirio ya asilimia 50 na kosa la asilimia 5 hutoa watu 384. Lakini ukichagua vijiji kwanza kisha kaya, zidisha, kwani majibu ya watu wa kijiji kimoja hufanana; ukizidisha kwa 1.5 unapata 576, halafu ongeza asilimia 10 ya watakaokosekana. Hesabu hiyo ifanye na mtakwimu kabla ya kuomba fedha.

Wanaopotea kwenye tafiti hizi ni akina baba, na sababu ni ratiba. Tulikuwa tukifika saa nne asubuhi na kuandika "hayupo". Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka wanabaki nchi kavu wakishona nyavu. Tulipopanga mahojiano yao siku za mbalamwezi, baada ya swala ya alasiri, waliongea mpaka magharibi. Kwa wakulima epuka masika. Ijumaa mchana acha kabisa.

Hatua ya 6: Mahojiano yenyewe

Mlezi na mtoto wa kaya moja wahojiwe na watu wawili tofauti, wakati mmoja, mahali wasiposikiana. Wape namba moja ya kaya yenye herufi tofauti ili baadaye uweke majibu yao ubavuni kwa ubavu. Mwanamke amhoji msichana, mwanaume amhoji mvulana. Na mhojaji mdogo kwa umri aanze na shikamoo, akae chini ya kiwango cha macho ya mzee, kwenye mkeka kama mzee yuko kwenye kigoda.

Usimuulize mtu moja kwa moja kuhusu nyumba yake. Tumia kisa cha kubuni. Changu huenda hivi:

"Kuna msichana wa miaka 14, kavunja ungo akiwa shuleni. Kafika nyumbani, sketi imechafuka. Mama yake yuko jikoni. Mama atafanya nini?"

Mama mmoja alinyamaza kidogo, akasema: "Atamwambia kaoge. Halafu atamwita shangazi yake."

"Na mama mwenyewe hasemi kitu?"

"Aseme nini? Mimi mwenyewe mama yangu hakuniambia."

Umeona? Kutoka "yule mama" amefika "mimi" bila kusukumwa. Hapo nyamaza. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kuuliza jingine. Mambo makubwa niliyowahi kusikia yalikuja baada ya kimya hicho.

Kwenye vikundi, watu 6 hadi 8 wanatosha. Akina mama peke yao, akina baba peke yao, wasichana na wavulana mbali. Kikundi kitakupa kinachopaswa kusemwa kijijini. Kinachosemwa kweli chumbani utakipata kwenye mahojiano ya mtu mmoja.

Hatua ya 7: Mtoto akifichua alichofanyiwa

Itatokea. Andaa kabla hujaondoka. Sheria ya Mtoto inamtaka mwanajamii anayejua haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa, kwa hiyo kwenye ridhaa useme wazi kwamba siri ina mpaka: ukiniambia kuna mtu anakuumiza, nitatafuta msaada. Uwe na namba ya ofisa ustawi wa jamii wa wilaya, ya Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na namba 116 ya simu kwa mtoto, ambayo ni bure. Zima kinasa sauti. Msikilize. Usiendelee na dodoso.

Nilimwona msaidizi wa utafiti, kijana mzuri tu, akiendelea kusoma swali la 31 huku msichana analia, kwa sababu hakuna aliyemfundisha la kufanya. Lawama ile ni yangu niliyemtuma. Sasa nusu siku ya mafunzo ni ya jambo hili pekee.

Hatua ya 8: Kuweka alama kwenye maandishi

Nakili sauti kwa Kiswahili na uchambue kwa Kiswahili; lugha nyingine isubiri mpaka utakapoandika ripoti. "Usije ukaniletea mzigo" ikishatafsiriwa, mzigo unapotea, na huo mzigo ndio unaokuonyesha kwamba mama anahofia gharama na aibu, wakati binti anasikia kwamba yeye ndiye mzigo.

Alama zangu za kuanzia, yaani majina mafupi ninayoyaweka pembeni ya kila sentensi kuonyesha ni ya aina gani, ni tano: onyo, mfano wa mtu aliyeharibikiwa, fumbo, maelezo, na kumkabidhi kwa mwingine. Watu wawili waweke alama bila kuonana, kisha wakae pamoja kujadili walikotofautiana. Halafu linganisha majibu ya kaya moja. Mama anasema "nilimweleza yote". Mwanawe anasema "aliniambia nijiangalie". Usimwandike mama kuwa mwongo. Wote wawili wanasema kweli, na kinachokosekana kati ya sentensi hizo mbili ndicho matokeo yako.

Hatua ya 9: Rudi kijijini

Mrejesho usiuache mpaka ripoti ichapishwe. Rudi ndani ya miezi mitatu, ukiwa na ukurasa mmoja. Wasomee maneno waliyoyasema bila kutaja mtu wala kaya, kisha wasomee jinsi watoto walivyoyaelewa. Tulipofanya hivyo chini ya mwembe, kile kisa cha rede kiliwachekesha kwanza, kisha wakanyamaza wote. Baba mmoja wa nyuma akasimama: "Sasa badala yake niseme nini?"

Swali hilo litaulizwa kila kijiji. Litengee saa nzima, na uje na muuguzi wa zahanati na kungwi wa kijiji wakae mkeka mmoja kulijibu.