Pasta ya Tuna ya Kuoka: Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujawasha Oveni

Pishi hili ni jepesi kweli, ila ugumu wake wote uko mwanzoni. Ukishaingiza bakuli kwenye oveni hakuna unachoweza kurekebisha zaidi ya kuchungulia. Kwa hiyo soma mpaka mwisho kwanza, kopo lisubiri.

Anza na idadi ya walaji. Gramu 300 za pasta kavu, makopo mawili ya kawaida ya tuna na gramu 150 za jibini vinashibisha watu wanne, watano wakiwa si walaji sana. Bakuli liwe la lita mbili na nusu hivi, na libaki na nafasi ya vidole viwili juu, maana sosi huchemka na kupanda. Ukijaza mpaka ukingoni utasugua oveni kesho.

Chagua pasta fupi yenye matundu au mikunjo, kama makaroni au zile za kujisokota. Tambi ndefu ziache kwa siku nyingine.

Kopo la tuna likague. Lililovimba au linalovuja, tupa, usilionje hata kidogo. Kisha soma uzito: kuna uzito wa jumla, na kuna uzito wa samaki mwenyewe akishachujwa, ambao ndio unaoula. Mara nyingi pengo kati ya hiyo miwili ni kubwa kuliko unavyodhani. Tuna ya mafuta ina ladha nzito zaidi, na mafuta yake unaweza kuyatumia kukaangia kitunguu ukapunguza siagi. Tuna ya maji ya chumvi nayo ni nzuri, lakini ichuje kwelikweli: kandamiza kifuniko ndani ya kopo mpaka matone yakome. Maji hayo yakiingia kwenye sosi yanaifanya iwe nyepesi na ya chumvi kupita kiasi. Na usifungue kopo mapema ukaliacha mezani huku unahangaika na mambo mengine. Tuna ikikaa kwenye joto hutengeneza histamini, ambayo humletea mlaji wekundu usoni, kuwashwa na kuumwa kichwa, na moto hauiondoi hata ukioka saa nzima. Fungua dakika ile unayoihitaji.

Chumvi: subiri. Maji ya pasta yana chumvi, tuna ina chumvi, jibini ina chumvi. Onja sosi ikishapata jibini ndipo uamue.

Jibini nunua kipande ukwangue mwenyewe. Ile iliyokwanguliwa kiwandani hupakwa wanga ili isigandane, na wanga huo huifanya sosi iwe na chengachenga.

Sasa pasta. Soma muda ulioandikwa kwenye pakiti, punguza dakika mbili au tatu, halafu usiuamini muda huo pia. Toa moja, ing'ate katikati, itazame ulipong'ata. Ukiona kijidoa cheupe cha unga kwenye kiini, hapo ndipo pa kuchuja. Ikilainika kabisa ikiwa bado kwenye sufuria, basi kwenye oveni itakuwa uji. Kabla ya kumwaga maji yake chota kikombe kimoja uweke pembeni. Utanishukuru.

Sosi nyeupe ni gramu 40 za siagi, gramu 40 za unga wa ngano na mililita 700 za maziwa. Siagi iyeyuke, unga uingie, koroga kama dakika mbili mpaka harufu ya unga mbichi ipotee, kisha maziwa kidogo kidogo. Ukiyamwaga yote kwa pamoja utapata mabonge, na utashinda ukiyasaka kwa mwiko. Ikichemka iache itokote taratibu dakika tatu nne, toa motoni, ndipo utie jibini. Jibini ikichemshwa hukatika na kuacha mafuta juu. Sosi ikikupendeza kwa uzito wake ukiwa bado jikoni, basi ni nzito mno, ongeza maziwa. Inatakiwa iwe nyepesi kiasi cha kukutia wasiwasi, kwa sababu pasta bado ina kiu.

Kiu hiyo ndiyo inayonileta kwenye jambo ambalo watu hawakuambii: usikusanye pishi hili usiku ukalilaza kwenye friji ndani ya bakuli la kioo.

Wifi yangu ni mpishi mzuri, tena wa mipango. Alikuwa na wageni wa mchana, akaona heri amalize kila kitu jana yake. Akachemsha pasta, akapika sosi, akachanganya na tuna na njegere, akapanga kwenye bakuli lake zuri la kioo, akafunika, friji. Kesho yake oveni ikawashwa mpaka nyuzi 200, tukakaa kupiga soga. Alipotoa bakuli nikaona tatizo la kwanza: aliliinamisha upande na hakuna kilichosogea. Pasta ilikuwa imeinywa sosi yote usiku kucha, imevimba, imeshikana. Hilo si msiba. Akamwagia kikombe cha maziwa, akachomachoma kwa uma yapenye, akatandaza jibini juu, akaliingiza bakuli kwenye oveni likiwa bado lina ukungu wa baridi pembeni.

Hazikupita dakika nyingi tukasikia mlio mmoja mkavu, kisha harufu ya maziwa yanayoungua. Kufungua mlango, bakuli limegawanyika vipande vitatu, sosi inatiririka kwenye sakafu ya oveni na moshi unatoka. Mgeni mmoja, Mungu ambariki, akasema tuchote tu pale katikati, mbona panaonekana pazima. Hapana. Kioo kikipasuka hurusha vichembe ambavyo jicho halivioni, na kwenye sosi nyeupe ndiyo kabisa. Pishi zima lilikwenda jalalani, oveni ikazimwa na kufungwa mpaka ikapoa ndipo vigae vikaokotwa, na wageni wakala mkate na mayai.

Maandishi ya chini ya bakuli hayakuwa ya uongo. Yalisema linafaa oveni, na ni kweli lilikuwa linastahimili joto. Lisilostahimili ni mabadiliko ya ghafla: upande mmoja unatanuka kwa moto wakati mwingine bado umesinyaa kwa baridi, na kioo hakijui kunyumbuka. Ndivyo ilivyo pia ukilitoa oveni na kuliweka kwenye kaunta yenye maji, au ukimwaga maziwa ya friji ndani ya bakuli lililo moto. Kioo chenye mchubuko au kilichomeguka ukingoni hupasuka upesi zaidi, kwa hiyo pitisha kidole pembeni kabla ya kulitumia, taratibu.

Ukitaka kutangulia kazi, tangulia hivi. Pasta ichemshwe, ichujwe, ipakwe mafuta kidogo, iwekwe kwenye chombo chake. Sosi kwenye chombo kingine. Tuna ibaki ndani ya kopo lililofungwa. Siku yenyewe pasha sosi motoni, ilainishe kwa maziwa, changanya na pasta, na tuna iingie mwisho kwa kugeuza mara chache tu ili vipande visisagike. Bakuli liwe limekaa nje ya friji muda wote huo. Au tumia bakuli la chuma, uachane na mashaka.

Oveni iwashwe mapema ifike nyuzi 190 kabla ya bakuli kuingia. Dakika 20 hadi 25 zinatosha, kwa kuwa kila kitu ndani kimeshaiva. Unachosubiri ni pembeni pachemke na juu paive rangi. Ukipenda juu pawe pakavu pa kutafunika, chenga za mkate zilizochanganywa na siagi zitafaa. Kausha njegere kabla ya kuzitia. Kitunguu kikaangwe kwanza, kibichi hakiivi humo ndani. Pilipili manga kwa wingi, maganda ya limau yaliyokwanguliwa ukiwa nayo. Ukitoa, acha dakika kumi kabla ya kupakua, vinginevyo itamwagika sahanini na kuunguza ndimi za watoto.

Kuna mjamzito mezani? Soma jina la samaki kwenye kopo: tuna aina ya albacore ina zebaki nyingi kuliko aina ya skipjack, mtafutie ya pili, na asile kila siku. Kuna asiyepatana na maziwa au ngano? Uliza kabla, maana humu vimo vyote. Glovu za oveni ziwe kavu, zenye maji hupitisha joto mara moja. Watoto wasikae karibu na mlango unapoufungua, mvuke hutangulia.

Yakibaki, yasilale mezani. Ndani ya saa mbili yawe kwenye friji, na yaliwe ndani ya siku tatu. Ukipasha, nyunyizia maziwa kidogo au yale maji ya pasta uliyoyaweka pembeni ukayahifadhi kwenye friji, funika, na hakikisha katikati pamepata moto kweli. Pasha kiasi utakachokula tu.