Kagua kliniki ya meno kabla jino halijaanza kuuma

Jino likishakuweka macho usiku kucha, asubuhi utaingia mlango wowote wenye picha ya jino. Kwa hiyo ukaguzi fanya sasa, ukiwa mzima. Nenda kama mtu anayeulizia bei ya kusafisha meno, keti kwenye benchi nusu saa, tazama.

Anza na huyo atakayeshika koleo. Kwenye kliniki zetu kila aliyevaa koti jeupe huitwa dokta: daktari wa meno mwenye shahada, tabibu wa meno mwenye stashahada, hata kijana msaidizi aliyejifunza kwa kuangalia. Wawili wa kwanza wamesomea kazi. Huyo wa tatu asikuguse na sindano. Uliza jina kamili na usajili bila kuona haya. Tanzania Bara madaktari wa meno husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Na cheti kilichotundikwa ukutani kiwe cha huyo anayekuhudumia, si cha mwenye kliniki ambaye humwoni.

Glavu zivaliwe mpya mbele yako. Akishika simu nazo, abadilishe. Sindano na kichupa cha ganzi vifunguliwe ukiona. Bei ujue kabla ya kulala kwenye kiti, na risiti uipate.

Kwenye vifaa kaza macho. Koleo lililolowekwa kwenye beseni la dawa halijawa salama kwa kunukia dawa tu. Vifaa vya kung'olea huoshwa, hufungwa kwenye pakiti, kisha huingizwa kwenye otoklevu, mtambo wa mvuke wenye mgandamizo: nyuzi joto 121 kwa dakika 15 hivi, au 134 kwa dakika 3, bila kuhesabu muda wa kupasha moto. Pakiti ina alama inayobadilika rangi ikipata joto hilo, kwa hiyo waombe waifungue mbele yako na uione alama. Uliza pia kile kichwa cha mashine ya kutoboa jino, maana wengi hukifuta kwa spiriti tu na kumwekea mgonjwa anayefuata. Kirusi cha homa ya ini B huweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado kikaambukiza. Umeme nao uulizie: ukikatika mtambo ukiwa katikati ya kazi, vifaa vile vinarudiwa? Mhudumu akibabaika kwenye swali hilo, mimi naondoka.

Sasa nikwambie lililonipata. Mwaka juzi nilimpeleka mama yangu kung'oa gego. Kliniki niliikagua mwenyewe na haya yote yalikuwepo: vyeti, pakiti, glavu, sakafu inang'aa. Daktari mpole, akamwamkia mama, akamchoma ganzi, dakika kumi jino likatoka. Tukapewa Flagyl ya kuua bakteria na diklofenaki ya maumivu, tukaambiwa mama aume gozi, kile kitambaa cha kuzuia damu, nusu saa na asisukutue mpaka kesho. Saa kumi jioni tuko nyumbani.

Saa mbili usiku gozi limelowa. Tukaweka lingine. Saa nne mama anatema mabonge kama maini kwenye beseni, na khanga aliyotandika kwenye mto imeshakuwa nzito. Nikapiga namba iliyo kwenye risiti. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena na tena. Ilikuwa simu ya mezani ya mapokezi, na mapokezi walifunga saa kumi na moja.

Hospitali tulifika saa sita. Daktari wa zamu akauliza swali moja tu: "Mama anatumia dawa gani?" Mama akafungua mkoba wake, akatoa kadi ya kliniki na paketi ya warfarini. Damu iliwahi kuganda mguuni, kwa hiyo alikuwa kwenye dawa ya kuizuia isigande. "Dada, kadi hii mliionyesha huko mlikong'oa?" Hatukuionyesha, maana hakuna aliyeuliza, na mimi sikujua kama mguu una habari na jino. Mkoba ulikuwa mapajani mwangu muda wote. Wakamshona kidonda, wakambana na gozi lenye dawa, wakampima kasi ya damu kuganda. Zile dawa tulizopewa daktari akaziweka pembeni: diklofenaki humzidishia hatari ya kutoka damu mtu wa warfarini, na Flagyl huiongezea warfarini nguvu mwilini.

Tangu siku ile nasikiliza maswali wanayoniuliza wao. Kabla sijafungua mdomo waniulize dawa ninazotumia, presha, sukari, moyo, mzio, ujauzito. Presha waipime kwa mashine, wasiulize tu, maana ganzi nyingi za meno zina adrenalini ndani yake, na hiyo inaweza kupandisha presha. Mgonjwa wa warfarini hapaswi kuacha dawa kwa kuamua mwenyewe. Daktari wa meno na daktari wake wazungumze, damu ipimwe kabla, na jino litoke asubuhi ya siku ya kazi ili lolote likitokea kuwe bado mchana. Wasipouliza, sema wewe. Beba kadi na paketi za dawa zenyewe, usitegemee kukumbuka majina. Na uliza, "Damu ikitoka usiku nimpigie nani?" Ukipewa namba, ipige palepale usikie inaita mfuko wa nani.

Picha ya eksirei idai kabla ya matibabu ya mzizi na kabla ya gego la mwisho kung'olewa. Maumivu ya jino hudanganya, unaweza kuonyesha la juu kumbe bovu ni la chini. Mashine yenyewe iwe na leseni ya Tume ya Nguvu za Atomu. Mjamzito aseme mapema. Mtoto usimwache peke yake chumbani. Mtu wa kukung'oa sebuleni kwako mkatae hata akiwa jirani. Na shavu likivimba uvimbe ukashuka shingoni, au mdomo ukawa haufunguki, mate yakawa hayamezeki, hapo usianze kutafuta kliniki ya bei nafuu: nenda hospitali kubwa usiku huohuo.