Kutunza giaboksi ya klachi mbili Lubumbashi: kazi huanzia kwenye oili

Golf GTI, Audi TT na Lancer Evolution X zenye giaboksi ya klachi mbili, zinazoingia Lubumbashi kupitia Kasumbalesa, mpaka wa Kongo na Zambia, huwa zimeshatumika kwingine kwa miaka mingi, na ni nadra mnunuzi kukabidhiwa daftari linaloonyesha ni lini oili ya giaboksi ilibadilishwa kwa mara ya mwisho. Baada ya miezi kadhaa gari huanza kushtuka linapotoka gia ya kwanza kwenda ya pili, mwenye gari hulipeleka gereji, na jibu analopewa ni lile lile: «Papa, bwati imekufa,» yaani giaboksi. Mara nyingi haijafa. Imechoka kwa oili kuukuu, au imejazwa oili isiyo yake, au imejazwa oili yake kwa kipimo kisicho sahihi. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa zaidi kwenye kazi ya oili: fundi ambaye hajaimaliza kazi hiyo ipasavyo hana sababu ya kufungua giaboksi, wala ya kumshauri mtu anunue nyingine.

Giaboksi ya aina hii ina shafti mbili za kuingizia nguvu, na kila shafti ina klachi yake. Shafti moja hubeba gia za namba witiri, nyingine hubeba za namba shufwa, kiasi kwamba gari likiwa katika gia ya tatu, gia ya nne huwa tayari imeshaingia ikisubiri klachi zibadilishane zamu. Kazi hiyo yote huongozwa na kifaa kimoja kinachounganisha kompyuta, sensa na vali za haidroliki, ambacho mafundi hukiita mekatroniki. Katika aina ya klachi zinazolowa, yaani zinazozunguka ndani ya oili, oili ile ile hulainisha gia, hupoza sahani za klachi na kusukuma pistoni za haidroliki. Unga unaotoka kwenye sahani zinaposuguana hubaki ndani ya oili hiyo, na kichujio kikishindwa kuunasa hufika kwenye vali ambazo njia zake ni nyembamba mno.

Hatua ya kwanza ni kujua hasa giaboksi iliyo mbele yako ni ipi, kwa kusoma herufi zilizogongwa kwenye mwili wake au kwa kutumia mashine ya uchunguzi. Volkswagen ilianza kuuza giaboksi yake ya gia sita yenye klachi za kulowa, inayojulikana kama DQ250, mwaka 2003 katika Golf R32 na Audi TT ya lita 3.2, na baadaye ikaiweka kwenye GTI. Mwaka 2008 ilileta DQ200 ya gia saba yenye klachi kavu kwa injini ndogo, na ndiyo iliyomo katika Polo GTI ya lita 1.4. Nissan GT-R ina giaboksi iliyowekwa nyuma ya gari, na Porsche zenye PDK hutenganisha oili ya klachi na oili ya gia, oili mbili tofauti ambazo hazipaswi kukutana. Taratibu za moja hazifai kwa nyingine. Maelezo ya hapa chini ni ya DQ250, kwa kuwa ndiyo inayopatikana zaidi katika magari ya mwendo kasi yanayonunuliwa kwa bei ya kawaida. Mwenye aina nyingine ashike mantiki yake, lakini vipimo avitafute katika kitabu cha gari lake.

Nunua oili iliyoandikwa wazi kwamba inakidhi kiwango cha Volkswagen cha G 052 182, iwe ya Volkswagen yenyewe au ya kampuni nyingine inayokubaliana na kiwango hicho. Oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, hata ikiwa ya bei kubwa, haikutengenezwa kwa msuguano wa sahani hizi, na matokeo yake ni klachi kuteleza au kutetemeka. Kopo lisiwe limefunguliwa, kwa maana oili ya kupimiwa kwa chupa barabarani haina mdhamini. Unahitaji lita 6 ili ubakiwe na akiba, kichujio kipya pamoja na mpira wake wa duara, washa (ringi ya kuzibia) mpya ya bolti ya kumwagia, ufunguo wa aleni wa milimita 14 na mwingine wa milimita 8, spana ya toki inayopima nguvu ya kukaza, na kompyuta yenye programu kama VCDS inayoweza kusoma joto la oili ya giaboksi. Bila kusoma joto, usianze.

Gari lazima likae sawasawa. Shimo la gereji likijengwa vizuri linafaa, ila gereji nyingi za Kenya na Katuba, mitaa ya hapa Lubumbashi, hufanya kazi kwenye ardhi yenye mteremko. Hapo tumia stendi nne na uweke pima maji kwenye kizingiti cha mlango, kwa urefu na kwa upana. Chagua pia saa. Oili hupimwa ikiwa kati ya nyuzi joto 35 na 45, na mwezi wa Oktoba, ambapo joto la Lubumbashi huwa kali kuliko miezi mingine, gari lililotoka kuendeshwa hulivuka kwa mbali dirisha hilo na hukawia kupoa. Liache lilale gerejini, kazi ifanyike asubuhi. Mwezi wa Juni au Julai baridi ya alfajiri hukusaidia, kwa kuwa oili hupanda joto taratibu na unapata nafasi ya kufanya kazi bila haraka.

Ondoa boksi la hewa na betri ili kukifikia kichujio, ambacho kimekaa juu ya giaboksi ndani ya kifuniko cha plastiki. Kabla ya kukifungua, futa na kupuliza vumbi lote linalokizunguka, kwa sababu wakati wa kiangazi vumbi jekundu hujaa kila pembe, na chembe moja ikidondoka humo huwa imeshafika upande ambao oili haichujwi tena. Fungua kifuniko nusu ili hewa ipite, kisha shuka chini, ondoa bolti ya kumwagia, na ndani ya tundu hilo hilo utakuta kijibomba cha plastiki kinachofunguliwa kwa ufunguo wa milimita 8. Wapo wanaokisahau. Bolti ikitolewa peke yake hutoka oili kidogo tu, fundi akadhani giaboksi ilikuwa karibu tupu, naye akaijaza kupita kiasi. Kijibomba kikishatoka, oili humiminika, na inayotoka hukaribia lita 5 kati ya takriban 7 zilizomo. Iliyobaki hukaa ndani ya klachi na njia za haidroliki.

Usiitupe kabla ya kuisoma. Mimina kidogo kwenye kitambaa cheupe na uielekeze juani. Oili ya kahawia iliyokolea ambayo bado mwanga hupenya ni ya kawaida kwa umri wake. Ikiwa ya kijivu yenye kung'aa kama rangi ya fedha, kuna chuma kinacholika, na hapo inafaa kuchunguza beringi na gia kabla ya kutumia pesa kwa jambo lingine. Ikinuka kuungua, sahani zimepata joto kubwa. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji ya kupoozea yameingia kupitia kipoozeo cha oili kilichofungwa kwenye giaboksi, na kubadilisha oili tu hakutasaidia mpaka kipoozeo kibadilishwe. Kata pia kichujio cha zamani kwa msumeno mdogo, uukunjue ukaratasi wake: unga mweusi laini ni wa sahani, vipande vinavyoshikwa na sumaku ni habari nyingine.

Weka kichujio kipya, ncha nyembamba ikitazama chini, na ukaze kifuniko kwa Nm (nyutoni-mita) 20 tu, kwani ni plastiki. Rudisha kijibomba kwa mkono mwepesi, Nm 3 zinatosha. Utaratibu wa kiwanda ni kujaza kutoka chini kwa mpira unaofungwa kwenye tundu la bolti. Mafundi wengi hujaza kutoka juu kupitia tundu la kichujio kabla ya kukirudisha, jambo linalokubalika mradi umimine polepole. Jaza lita 5.5, funga bolti kwa muda, rudisha betri na uunganishe kompyuta. Washa injini oili ikiwa chini ya nyuzi 35, kanyaga breki, pitisha mkono wa gia katika kila nafasi na kukaa sekunde chache kwenye kila moja, kisha urudi P. Acha injini iendelee kuwaka. Kompyuta ikionyesha nyuzi 35, fungua bolti: oili iliyozidi itatoka kupitia kijibomba kwa mkondo, mkondo utapungua, na utakapogeuka kuwa matone, kipimo kimefika. Isipotoka hata kidogo, imepungua. Ongeza nusu lita na urudie. Joto likipita 45 kabla hujamaliza, zima na usubiri, kwa maana oili iliyopanuka hutoka zaidi na giaboksi hubaki na pungufu usilolijua. Funga bolti yenye washa mpya kwa Nm 45.

Baada ya hapo kompyuta ya giaboksi inahitaji kujifunza upya mahali ambapo kila klachi huanza kushika. Zoezi hilo huendeshwa na programu, gari likiwa P, injini ikiwaka na mguu ukiwa kwenye breki, na hudumu dakika chache ambazo utasikia giaboksi ikitoa milio midogo midogo ya kugonga. Umeme wa betri usishuke wakati huo, hivyo unganisha chaja. Na kwa kuwa umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, hauna miadi, chaja hiyo na kompyuta viwe kwenye jenereta kabla ya kuanza. Maliza kwa kuendesha kilomita kadhaa, ukikanyaga kwa upole, gia zote zikipandishwa na kushushwa.

Kiwanda hutaka kazi hii kila kilomita 60,000. Kwa barabara zetu ningeifanya kila 40,000, na kwa gari lililoingia bila kumbukumbu ningeifanya kabla ya kulipeleka popote.

Kwa DQ200 mambo ni machache: klachi zake hazilowi, oili ya gia na ya mekatroniki zimetengwa, na klachi ikiisha hubadilishwa kama seti. Mwaka 2013 Volkswagen iliyaita magari mengi yenye giaboksi hiyo duniani ili oili ya sintetiki iondolewe na kuwekwa ya madini, baada ya hitilafu za umeme kujitokeza katika joto kali na foleni. Uliza kama gari lako lilipitia marekebisho hayo.

Hitilafu ikiendelea hata baada ya oili sahihi, angalia ni gia zipi zinazokosekana. Katika DQ250 klachi ya kwanza hubeba gia ya 1, 3, 5 na ya kurudi nyuma. Ya pili hubeba 2, 4 na 6. Gari linalokataa kurudi nyuma na kukataa gia ya kwanza kwa pamoja linakuelekeza upande mmoja tu, na fundi anayetaka kubadilisha kila kitu aulizwe kwanza hilo. Mlio wa kugongana unaosikika injini inapowashwa au kuzimwa, giaboksi ikibadilisha gia vizuri, mara nyingi ni wa flaiwili, gurudumu zito lililo kati ya injini na giaboksi.

Kinachozichosha klachi hizi kuliko mwendo kasi ni kunyata. Katika foleni ya malori ya madini kwenye barabara ya Kasumbalesa, dereva huachia breki nusu na gari hutambaa hatua moja moja, klachi ikiteleza muda wote. Kanyaga breki mpaka mwisho, klachi ifunguke. Subiri nafasi ya kutosha, kisha uondoke. Mlimani usilishikilie gari kwa kukanyaga mafuta. Na rejeta ijazwe maji ya kupoozea yanayotakiwa, si maji ya kisima, kwa kuwa kutu na chokaa huziba na kula kile kile kipoozeo kinachotegemewa na giaboksi.

Gari likikwama, kumbuka kwamba pampu ya oili huzungushwa na injini: likivutwa injini ikiwa imezimwa, gia huzunguka bila kulainishwa. Volkswagen huruhusu kulivuta likiwa N, kwa mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa na umbali usiozidi kilomita 50. Kutoka Likasi hadi Lubumbashi ni takriban kilomita 120, kwa hiyo kwa safari hiyo lipakizwe juu ya lori.