Kabati la Ulaya, ngazi ya Amu

Mara ya kwanza niliporudisha vitu vyangu nyumbani kutoka Uingereza, nilishughulika na bei ya kontena hadi nikakosa usingizi, wala sikuiwaza hata siku moja ngazi ya nyumba ya mama. Kontena likafika Mombasa salama, lori likafika Mokowe salama, mashua ikavuka bila tatizo. Mkosi ulitungoja Mkomani, mtaa wetu wa Amu (Lamu), kwenye kona ya ngazi ya mawe niliyoipanda na kuishuka tangu utotoni. Usiku wa kufungasha nilikuwa nimechoka, nikaliacha kabati nusu zima: mbavu mbili na kifuniko cha juu bado vimeshikana. Mahamali wakaligeuza huku, wakaligeuza kule, kisha mkubwa wao akaniuliza kwa adabu, "Ndugu yangu, kwani huko liliingiaje?"

Liliingia ndani ya katoni mbili bapa, nikaliunga mwenyewe sebuleni kwa kitufunguo kidogo kilichopinda. Ndivyo lilivyopaswa kutoka. Tulilifungulia njiani, watu wakipita kando na punda wakisubiri, na skrubu mbili zikatumbukia mtaroni.

Kwa hiyo, mwenzangu unayepanga kurudi, au unayemtumia mzee wako meza na kitanda, usishike bisibisi kabla ya kupiga simu nyumbani. Ndani ya mji wa kale wa Amu hakuna gari litakalokufikishia mzigo mlangoni. Ukishashushwa gatini, mzigo hubebwa kichwani, kwa mkokoteni au kwa punda, katika vichochoro ambavyo punda wawili wenye shogi wakikutana mmoja hurudi nyuma. Mwombe kijana wa nyumbani achukue futi kamba apime vitu vitatu: upana wa mlango wa mbele ukiwa wazi kabisa, nafasi kwenye kona ya ngazi, na kimo cha dari ya chumba kitakachopokea kabati. Usikubali jibu la "mlango ni mpana, wewe leta tu." Mama alinijibu hivyo hivyo. Na kama njia yenu inapita chini ya wikio, kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro, apime na hapo, maana mzigo ulio juu ya kichwa cha mtu huongeza kimo chake.

Vipimo hivyo ndivyo vitakavyokuambia ufungue kiasi gani. Fikiria na uzito pia. Ubao mmoja wa ubavu wa kabati refu, wa chipbodi, wenye sentimita 236 kwa 58 na unene wa milimita 18, unakaribia kilo 16. Mtu mmoja anaubeba. Mbavu mbili zikiwa zimeshikana na kifuniko hazina pa kukamata, na uzito wote huenda kwenye maungio.

Halafu jiulize kama kitu chenyewe kinastahili nauli. Fundi mmoja wa Langoni, mzee ninayemwita ami ingawa hatuna udugu wa damu, aliukwaruza ukingo wa rafu yangu kwa ukucha, akautazama unga uliobaki kidoleni. "Mwanangu," akasema, "haya ni makapi yamepigwa pasi." Hakukosea sana. Chipbodi ni vipande vidogo vya mti vilivyoshindiliwa na gundi. Maji yakipenya kwenye ukingo usiofunikwa vizuri, hufura, na ikishafura hairudi. Hewa ya Amu ina unyevu na chumvi mwaka mzima. Kabati lililokaa miaka kumi chumba chenye hita huko Ulaya linaweza kuanza kuvimba miguuni mara tu likikutana na hewa hiyo.

Mimi sasa nina kanuni yangu. Samani za mti mtupu, kama msonobari, na vitanda vya chuma, nasafirisha. Chipbodi ambayo plastiki ya ukingoni imeshaanza kubanduka, namwachia jirani. Na kilichowahi kufunguliwa na kuungwa mara mbili tayari sikigusi, kwa sababu matundu ya skrubu yameshakuwa mapana. Kwa kitanda cha kulalia wazee, nenda kwa seremala wa Amu akuchongee. Mji huu ulikuwa ukichonga milango ya mfaa na mwimo na viti vya enzi zamani sana kabla ya hao wenzetu kugundua katoni bapa. Wenyewe IKEA husimulia kwamba wazo liliwajia mwaka 1956, mchoraji wao Gillis Lundgren alipotoa miguu ya meza ili iingie garini. Sisi tunaitoa ipate kupanda punda.

Ukishaamua, vifaa si vingi. Bisibisi iwe ya nyota, lakini angalia nyota yenyewe. Skrubu nyingi za samani za Ulaya, zaidi ya ule msalaba mkubwa, zina mistari minne midogo katikati yake. Hizo huitwa Pozidriv, na namba inayohitajika mara nyingi ni PZ2. Ukizifungua kwa nyota ya kawaida itateleza, ile pua italiwa, na skrubu itabaki humo milele. Chukua pia funguo za pembe sita, hasa ya milimita 4 na 5, nyundo ya mpira, kisu chembamba cha kupakia rangi, tepu ya karatasi, kalamu ya wino mzito, na vifuko vidogo vya nailoni vya kutosha. Drili ya betri inaharakisha kazi, ila legeza kila skrubu kwa mkono kwanza, na drili yenyewe uiweke kwenye nguvu ya chini kabisa.

Kitabu cha maelekezo kama umekitupa, watengenezaji wakubwa huviweka mtandaoni. Kipakue, kisha kisome kutoka ukurasa wa mwisho kurudi nyuma. Hiyo ndiyo siri ya kasi ambayo watu huikosa: wanaanza na skrubu wanayoiona, kumbe hiyo ilifungwa ya tatu, na ubao wa chini unabaki ukining'inia kwenye kijiti kimoja hadi upasuke.

Toa droo na rafu zisizofungwa. Kisha milango. Bawaba nyingi za sasa, zile zenye kikombe cha milimita 35 kilichozama mlangoni, zina kilimi nyuma. Kibonyeze na mlango unachomoka mzima, bila kugusa skrubu hata moja. Anza na bawaba ya chini, umalize na ya juu, mwenzako akiwa ameushika mlango. Baada ya hapo lilazeni kabati chali au kifudifudi, kama kitabu kinavyoonyesha, juu ya blanketi. Kabati refu halifunguliwi likiwa limesimama. Najua wengi tunafanya hivyo kwa sababu chumba ni kidogo, lakini likianguka halichagui.

Sasa ubao wa mgongo. Ule mwembamba wa milimita 3 unaonekana kama pambo, kumbe ndio unaolifanya kabati lisimame mraba. Ukishautoa, kabati linalegea na kupinda kama boksi tupu. Kwa hiyo ukiutoa, usilisogeze tena kabati. Kama umeingizwa kwenye mfereji, uvute taratibu kwa usawa. Kama umepigiwa misumari midogo, usiuvute kwa mikono. Ingia kwa nyuma na upige polepole kwa nyundo ya mpira karibu na kila msumari, au uinue kwa kile kisu cha rangi. Misumari ile usiitumie tena, nunua mipya Amu, bei yake ni ndogo.

Kazi yenyewe imo kwenye vifungio vya duara. Unavijua: kidude cha chuma chenye kipenyo cha milimita 15 kilichozama ndani ya ubao, na kwenye uso wake kuna msalaba na mshale. Ndani yake kuna ndoano inayokamata kichwa cha skrubu iliyotokeza ubao wa pili. Watu hudhani ni skrubu, wakazungusha, wakazungusha, wakakivunja. Hiki hakitoki kwa kuzungushwa, kinaachia tu. Kizungushe kinyume na saa, nusu mzunguko hivi, hadi mshale uelekee kwenye ukingo ambako ile skrubu inaingilia. Mshale ukielekea huko, ndoano imefunguka. Ukilazimisha zaidi ya hapo, madini yake ni laini, yatakatika na utabaki na chuma ndani ya chipbodi.

Fungua vyote vya upande mmoja ndipo uvute. Na ubao ukigoma, kwa kawaida sababu ni moja kati ya mbili: kuna kifungio umekisahau, au vile vijiti vya mti vinavyoshikanisha mbao vimepata unyevu vikavimba. Weka kipande cha mti juu ya ukingo, ukipige kwa nyundo ya mpira huku na kule, kidogo kidogo, ubao utoke sawa pande zote. Usiukunje kama unavyovunja muwa. Chipbodi ina nguvu ya kubeba, haina nguvu ya kukunjwa, na kijiti kikivunjika humo kitang'oka na donge la ubao.

Kuna na skrubu nene zenye tundu la pembe sita, mara nyingi zikiwa zimefunikwa kwa kifuniko kidogo cha plastiki cha rangi ya ubao. Hizo ndizo za ufunguo wa milimita 4. Zinatoka kirahisi, lakini kila zikitoka zinaondoka na unga kidogo wa tundu. Ukiona tundu limelegea, jaza njiti za kiberiti zilizopakwa gundi nyeupe ya seremala, zikate ziwe sawa na uso wa ubao, uache hadi kesho yake. Nimefanya hivyo kwenye kitanda cha dada yangu na kingali kimesimama. Palipopakwa gundi tangu mwanzo, kama chini ya baadhi ya droo, paache pakiwa pazima.

Kuhusu alama, niliumia ndiyo nikajua. Skrubu zote nilizitia kopo moja la maziwa. Aliyekuja kuunga kabati alikuwa mpwa wangu, mimi nikiwa nimesharudi kazini Leicester, na tulimaliza usiku mzima kwenye simu ya video tukibishana skrubu ipi ndefu. Funga kwa kufikiria mtu ambaye hajawahi kukiona kitu hicho. Kila ubao uandikwe kwenye tepu: K1 ubavu kushoto, K1 kifuniko, mshale ukionyesha juu. Kila aina ya skrubu na kifuko chake, na kifuko kigandishwe kwenye ubao wake kwa ndani. Andika orodha ya mbao zote, piga picha kila hatua, uvitume nyumbani siku hiyo hiyo.

Orodha hiyo ya mbao itakufaa mara ya pili forodhani. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa msamaha wa ushuru mtu anayehamia kwa vitu vya nyumbani alivyokuwa akivitumia kule alikotoka, na vinatakiwa viingie ndani ya siku 90 tangu yeye afike, isipokuwa ameongezewa muda. Ni kwa anayerudi kukaa. Anayetuma tu zawadi kwa wazee hahesabiwi humo. Mzigo wa mbao zisizo na maelezo, kwa afisa, unaweza kuonekana kama bidhaa ya duka. Orodha iseme wazi "kabati lililotumika, vipande 9", na wakala wako awe nayo kabla meli haijatia nanga.

Wakati wa kutuma nao una hesabu yake. Mzigo unaofika Mokowe kati ya Disemba na Machi unakutana na kaskazi na siku kavu. Ukifika masika, au kusi likiwa limekaza Juni na Julai, mashua inarusha maji na katoni zinalowa. Mimi sasa sitegemei katoni kabisa. Mbao zinafungwa uso kwa uso na blanketi katikati, kingo zinazungushiwa vipande vya boksi, kisha nailoni nzito na tepu kila mshono. Kila furushi lisizidi kile ambacho hamali mmoja atakipandisha ngazini bila kusimama. Mwambie nahodha kilicho ndani, akiweke mbali na maji yanayojikusanya chini ya mashua, na mpe hamali malipo ya kuridhisha kabla hajaona kona ya ngazi.

Ukifika, usiunge siku hiyo. Zifungue mbao nailoni, ziache zimesimama chumbani siku mbili tatu zizoee hewa. Ukiunga, vifungio vya duara vikazwe mwisho, mbao zote zikiwa zimeshakaa, na mgongo upigwe baada ya kupima pembe kwa pembe: vipimo viwili vya mshazari vikilingana, kabati ni mraba. Chini ya miguu weka vipande vya mti mgumu, maana sakafu itafuliwa kwa maji kila Ijumaa. Acha nafasi ya kiganja kati ya kabati na ukuta wa matumbawe na chokaa, ukuta ule unapumua unyevu. Kabati refu ni lazima lifungwe ukutani lisimwangukie mtoto, lakini chokaa ya zamani humeng'enyuka ukiitoboa ovyo. Mwite mwashi akuonyeshe penye jiwe, na zidaka za bibi, vile vishubaka vya ukutani, usiziguse.